Mzigo wa Saa Kumi

Alizaliwa wapi na ni wa kabila gani, siandiki. Jina lake nalijua, la kwake na la baba yake, na sitalitaja. Mie majina ya watu hayanipotei. Mtaa wetu wa Tandika nikifumba macho nawapanga wote, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa Bi Pili Ngwale mpaka kwa fundi cherehani Abdala Kipara, na wapangaji wao, na watoto waliowafia wachanga. Lakini yeye, miaka yote niliyomjua, hakumwita mgonjwa kwa jina. Alisema jina halishushi homa. Wagonjwa wake wote walikuwa mizigo. "Mzigo unaofuata!" ndivyo alivyoita pale mlangoni, na mtu mzima na mvi zake aliinuka akaingia. Basi na yeye hapa abaki na kazi yake tu, jina asipate. Sie tulimwita Dresa.

Kazi ya dresa kwa maandishi ni kuosha vidonda na kufunga bendeji. Lakini zile zilikuwa siku za Ujamaa, zahanati zilifunguliwa nyingi kuliko waganga wa kukaa ndani yake, na ya kwetu ilikuwa na mganga wa kuja Jumanne. Siku zilizobaki mganga alikuwa yeye. Alipiga sindano, aling'oa meno, alizalisha mkunga akichelewa, na dirisha la dawa lilikuwa lake. Mwembamba, mrefu, shati jeupe limepigwa wanga wa muhogo mpaka ungedhani linaweza kusimama bila yeye. Anakuja kwa baiskeli, hamsalimii mtu njiani. Ukimwamkia "Shikamoo Dresa" anaitikia "Unaumwa nini?"

Ulimi wake ulikuwa mbaya kuliko sindano zake. Asha Mfaume alimpeleka mtoto aliyeungua uji wa moto, na kama tulivyokuwa tukifanya, alikuwa amempaka yai. Dresa akamtazama mtoto, akamtazama mama mtu. Akasema, foleni nzima inasikia, "Umeshamkaanga, ukamtia na yai. Bado chumvi." Asha alilia mpaka kanga ikalowa. Wakati analia, Dresa alikuwa ameinama anamsafisha yule mtoto, ngozi moja moja, kwa vidole vyepesi hivi kwamba mtoto alisinzia mezani. Mie nilikuwepo. Nilishindwa kujua nimchukie nusu ipi.

Fundi Abdala Kipara alikwenda na jipu la shavuni. "Hilo jipu liache," Dresa akamwambia, "angalau lina sura." Fundi hakurudi tena kwa miezi, na aliporudi alikuwa amebebwa.

Tena alikuwa na kijiko. Kijiko cha chai, cha chuma, kinakaa mfukoni mwa shati karibu na kalamu. Kidonge cha kwanza ulimeza mbele yake, na ukishameza alisema, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Halafu anageuza kijiko, anapitisha mpini wake shavu la kulia, shavu la kushoto, kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Hakubakiza mtu. Mzee Sefu Mtopa, aliyetufundishia watoto Kurani, mtu ambaye tukikutana naye njiani tulivua kandambili, alifunguliwa mdomo vilevile. Kwenye shavu kukakutwa klorokwini, maana alikuwa hawezi uchungu wake. "Mwalimu wa chuo," Dresa akasema, "na hii ulitaka kwenda kuifundisha?" Vijana waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mzee Sefu alikaa wiki mbili bila kutoka nje kwa aibu.

Huyohuyo mtu wa kijiko, ndiyo nataka mnielewe, huyohuyo alikuwa akigawa dawa kama mtu anayelisha kuku. Sanduku la dawa lilikuwa likija mara moja, halafu miezi inapita. Alijua mgonjwa wa kutoka Yombo au Mbagala akirudi baada ya wiki mbili atakuta rafu tupu. Basi alimpa vya kutosha mara moja. Akitumbukiza mkono koponi, kinachojaa kwenye ngumi ndicho chako. Bahasha hakukuwa nazo. Alichana karatasi ya daftari la shule, akaviringisha, akakunja ncha, akakusukumia dirishani. Hakuandika kitu juu yake. Hakuandika dawa gani, wala ya nani. Alikueleza kwa mdomo mara moja, na ukimwuliza mara ya pili alikuuliza kama masikio umeyaacha nyumbani. Sie tulifurahi. Tulisema Dresa ana mdomo mchafu lakini mkono wake mkunjufu.

Mabaki ya ngumi ile ndiyo yalijaza kopo langu.

Mume wangu Saidi Mkwanda alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kwake ndiko kilikokaa kila kitu cha pamoja: sufuria kubwa la shughuli, machela ya kubebea wagonjwa, jembe la makaburini, na kopo la dawa. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, refu, na mfuniko wake. Mtu akipona alileta vidonge vilivyobaki. Mtu akiugua zahanati imefungwa alikuja kwangu, mie nikafungua, nikamtazama, nikampa. Cha kichwa nakijua kwa ukubwa, cha malaria kwa uchungu, vingine kwa kubahatisha. Tuligawana sukari ya duka la ushirika, tuligawana zamu ya kulima shamba la mtaa, tungeachaje kugawana dawa? Siku moja bwana mkubwa wa wilaya alikuja mkutanoni, akalinyanyua kopo langu juu watu wote waone. Akasema mtaa huu umeelewa. Watu wakapiga makofi. Niliyasikia makofi yale mgongoni kama mtu ananikanda.

Kesho yake Dresa akafika na baiskeli. Hakuketi.

"Mke wa balozi. Liko wapi hilo kopo?"

"Karibu kiti kwanza, Dresa."

"Sikuja kukaa. Nipe kopo nikalimwage."

"Ukalimwage! Dawa ya serikali uimwage chooni, watu wanakosa? Hii ni ya wote, ndugu yangu. Hata wilaya imetusifu."

"Mimi na wewe ni ndugu, sawa. Wewe na kidonge nacho mmekuwa ndugu lini?"

"Una wivu tu. Watu wanaponea kwangu bila matusi."

Nilimwambia hivyo mbele ya Bi Pili Ngwale, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na Bi Pili akacheka akajifunika mdomo. Dresa alipanda baiskeli yake. "Sawa," akasema. "Ya wote. Na maiti naye akija awe wa wote."

Tulimtukana mpaka alipokata kona.

Mwaka ule alifariki Bi Mtumwa Salehe, mzee wa nyumba ya sita, aliyekuwa na kifafa. Alipewa vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza kifafa, vyenye mstari katikati, na kwa sababu miguu yake ilikuwa haimwezeshi kwenda mara kwa mara, Dresa alikuwa akimjazia. Tulipotoa vitu vyake tulikuta mfuko wa kitambaa umejaa karatasi za daftari, hazijafunguliwa hata nusu. Wanawe wakaniletea mie. Nikavimimina vyote koponi. Nikatikisa ili vikae sawa.

Sasa nimseme mwanangu. Zuhura alikuwa na miaka kumi na tano, yuko darasa la saba, na alichaguliwa halaiki. Wasioijua: ni watoto kwa mamia wanaopangwa uwanjani siku za sherehe za taifa, wanaruka pamoja, wanapandana mabegani, wanafanya maumbo. Kujiandaa ni miezi, jua la mchana lote. Watoto walirudi magoti yamevimba. Wakamwambia Zuhura, wewe kwenu kuna dawa, tuletee. Akawaletea vya kichwa. Vilipopungua, akawaletea vile vidogo vyeupe, maana vilikuwa vingi na mie nisingegundua. Wakaona vya leo ni vitamu kuliko vya jana. Maumivu yanakwenda, jua linakuwa mbali, mwili unakuwa kama umelala huku unatembea. Wakavipa jina, peremende. Zuhura akawa mganga wa halaiki. Walimpanga foleni nyuma ya choo cha shule kama tulivyopanga kwa Dresa, na naambiwa aliwaita "mzigo unaofuata", wakacheka.

Mie nilimwona binti anasinzia kwenye chakula. Nikadhani amechoka kwa ajili ya taifa.

Hamza wa Bi Pili, miaka kumi na sita, ndiye aliyesimama chini ya umbo, mabega yamebeba wenzake wanne. Alikuwa anaumia kuliko wote. Siku hiyo aliomba cha kutosha, akapewa. Ilikuwa mchana, saa nane. Akasema anajilaza kidogo kivulini kwenye ukuta wa shule. Wenzake walimfunika uso kwa shati nzi wasimsumbue, wakaendelea na mazoezi hatua chache kutoka pale alipolala, muda wote ule, wanaruka na kuimba, mpaka mwalimu aliposema basi, na mtu akaenda kumwamsha.

Dresa aliitwa. Alipiga magoti, akamshika shingo, akamfunua jicho, akamrudishia shati usoni. Nyumbani kwa Bi Pili alisema maneno haya, na sitayasahau: "Mwanao amekula dawa kama karanga. Mzikeni. Mimi nina foleni." Bi Pili alianguka pale mlangoni, na yeye akamruka, hakumkanyaga, akamruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaja moja kwa moja kwangu.

Safari hii hakuomba. Aliingia ndani, akalitoa kopo, akatandika mkeka ukumbini akalimwaga lote. Vidonge vilitapakaa kama punje, vyeupe, vya njano, vingine vimeshaota ukungu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Dresa akanichutamisha mbele ya mkeka.

"Wanasema wewe unajua majina ya Tandika nzima, mpaka ya mbuzi wao. Haya." Akachukua kimoja akakiweka kiganjani mwangu. "Hiki kinaitwaje?"

"Cha... cha kichwa."

"Cha presha. Hiki?"

"Sijui."

"Hiki?"

"Sijui, Dresa."

"Hiki kilikuwa cha nani? Alipewa lini? Hiki? Taja! Nyumba kumi ulizonazo, taja kimoja tu na jina la mwenyewe."

Alinishika pale mpaka mkeka ukaisha. Ukuta wa pili kilio kinasikika. Sikutaja hata kimoja. Kila niliposema sijui alikitupa ndani ya ndoo, na nikasikia sauti yake. Mpaka leo mchele ukichambuliwa kwenye sinia la bati mie natoka nje.

Vidogo vyeupe vyenye mstari hakuvitupa. Alivichagua kimoja kimoja akavitia mfukoni. Halafu akauliza, "Binti yenu yuko wapi?"

Zuhura alikuwa chumbani amelala na viatu vyake. Dresa akamfunua jicho kama alivyomfunua Hamza. Akatoa kijiko, akampitishia shavuni, hakukuta kitu. Akashika pindo la kanga yake, akafungua fundo. Kumi na viwili.

Mume wangu akachukua fimbo. Akasema atamfungia ndani ya chumba, hatatoka, hatakiona kidonge mpaka awe mtu. Dresa akamzuia mkono.

"Ukimfungia, baada ya siku mbili tatu ataanza kurusha miguu kama Bi Mtumwa, na wiki haitaisha utakuwa unaliazima jembe lako mwenyewe. Mwili umeshazoea. Anaachishwa kama mtoto ziwa, kidogo kidogo. Fimbo haijui hesabu hiyo." Akanigeukia mie. "Kila siku saa kumi, aje zahanati. Atakunywa mkononi kwangu tu. Akikosa siku, shauri yake."

Hapo ndipo Zuhura alipopata jina. "Mzigo wa saa kumi!" Dresa alipaza sauti makusudi ili foleni igeuke. Mtoto wa balozi, aliyekuwa akivishwa skafu kumpa maua mgeni rasmi, anapita katikati ya watu wanaomjua, macho chini. Aliwekewa kidonge kwenye kisosi. Wiki za kwanza vizima. Halafu Dresa akatoa wembe, akakata robo akaitupa, akampa iliyobaki. Baadaye nusu. Mpaka nikaona anakata kitu ambacho mie nisingekiona bila kuinama. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Kijiko. Halafu anamkalisha kwenye ngazi ya zahanati, asinyanyuke mpaka kivuli cha mlingoti wa bendera kifike mguuni kwake, ili asiende kukitapika na kukificha. Akiwa amekaa hivyo, anafua bendeji chafu kwenye beseni, zenye usaha na damu.

Kwangu alirudi anatetemeka. Jasho, kutapika, meno yanagongana mchana wa jua. Alinipigia magoti: "Mama, kimoja tu. Kwa jirani Bi Rukia lazima kipo. Mama nenda kaombe, wewe utapewa." Nilipokataa aliniambia maneno ambayo sijayarudia kwa mtu. Siku moja nilishindwa. Nikaenda kwa Dresa peke yangu.

"Mwongezee hata nusu. Mtoto anakufa."

"Nitamwongezea," akasema. "Uje na sanda."

Siku nyingine alikosa kwenda, alijificha kwa shangazi yake. Nilimngoja Dresa aje kumtafuta, hakuja. Kesho yake Zuhura alikwenda mwenyewe, anashika kuta. Akapewa cha siku ile tu. "Cha jana kimeliwa na jana," akaambiwa.

Lakini yote hayo ningeyasamehe. Kuna moja. Siku niliyomsindikiza, nilisimama karibu na dirisha, nikaona kabla ya kumpa kisosi Dresa anainama. Mtu yule ambaye matusi yake yalifika mpaka barabarani, siku hiyo aliongea chini kwa chini.

"Hamza ulimpa vingapi?"

Zuhura akajibu, midomo tu inakwenda, "Vinane."

"Haya, meza."

Nikajua kwamba anamuuliza kila siku. Nikajua na jambo ambalo mie mama sikuwa nimelijua, maana nilidhani Hamza alijichukulia mwenyewe. Nilimvuta Dresa pembeni, nimemshika shati lake la wanga.

"Huna roho? Mtoto ameshajuta. Unamchoma kila siku kwa nini?"

"Siku atakayosahau idadi, atarudia."

"Na Bi Pili? Umemwambia Bi Pili?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwangalia mtu. "Bi Pili si mgonjwa wangu," akasema. Ndiyo mara moja tu niliyomsikia anataja mtu aliye hai kwa jina.

Hakumwambia. Bi Pili aliishi ukuta kwa ukuta na mie miaka mingi, tukikopeshana chumvi, Zuhura akimchotea maji, naye akimwombea Zuhura dua apate mume mwema kwa wema wake. Alikufa hajui. Sasa nimeandika.

Siku ileile, kwa hasira, nilimwambia Dresa jambo jingine. Zuhura alikuwa ngazini na beseni lake. Nikasema, "Na yale makaratasi? Kopo langu, nakubali. Lakini kila karatasi iliyoleta vidonge koponi uliikunja wewe. Ulituuliza vya nani. Mbona hukuandika?"

"Sikuwa na kalamu," akasema.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, pale pale, pembeni ya kijiko. Niliiona mie na aliiona Zuhura.

Baada ya hapo, hili niseme kwa haki yake, alianza kuandika. Kwenye kila karatasi, jina la mgonjwa kamili, hata wale aliowaita mizigo. Na alihesabu. Foleni ikawa ndefu mara mbili na watu wakamlaani mara mbili.

Zuhura aliendelea miezi. Siku ya mwisho Dresa alimwekea kisosi kitupu. Alimfungua mdomo vilevile, alipitisha kijiko vilevile, akamkalisha ngazini mpaka kivuli kikafika. Halafu akamwambia, "Kesho usije. Sitaki kuiona sura yako." Hakuna pongezi, hakuna mkono. Zuhura alitembea mpaka nyumbani, akalala siku mbili, usingizi wa kwake mwenyewe, akaamka akaomba ugali.

Hakumwamkia tena Dresa. Wakikutana njiani Zuhura alivuka barabara. Aliolewa na Shomari Lukinga, akazaa watano, na hakuna hata uzazi mmoja aliokubali dawa ya maumivu. Nyumbani kwake kidonge hakilali. Kikibaki kimoja anakirudisha mwenyewe hospitali, kwa miguu kama hana nauli. Wanawe wanamwona mama yao mtu wa ajabu. Nilipowahi kumwambia yule ndiye aliyekuokoa, alinijibu, "Ndiyo, Mama. Na akifa uniambie, nipike pilau."

Dresa alistaafu, akahamia Vingunguti kwa binti yake Rehema, karibu na machinjio. Miaka ikapita mingi, mie nimezeeka, mume wangu nimemzika. Siku moja Rehema akaja kwangu, mtu mzima naye, amechoka.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mzee hajambo?"

"Hajambo hivyo hivyo. Haoni tena. Mama, nimekuja na aibu. Hospitali wanampa kidonge cha usingizi, kimoja jioni. Anajifanya amemeza. Anavificha shavuni, anavikusanya, halafu siku moja anavitupia vyote mdomoni. Analala siku mbili, tunadhani amekufa. Hamsikii mtu. Nikasema labda nyinyi wa zamani."

Zuhura alikuwa amekuja kunitembelea, yuko jikoni anamenya viazi. Kisu kilisimama. Nilipovaa baibui kumfuata Rehema, nilimkuta amesimama mlangoni, ameshavaa viatu.

Tulimkuta kitandani ameketi, chumba kinanuka damu ya ng'ombe inayokuja na upepo. Amebaki mifupa na lile shati, limepigwa pasi. Macho meupe. Nikamwamkia, nikamtajia jina langu. "Mke wa balozi," akasema. "Hujafa?"

"Bado. Na wewe?"

"Nangoja zamu."

Rehema akamletea kidonge na maji. Akakitia mdomoni, akanywa, koo likapanda likashuka. Akafuta midomo. Ungeapa kimeshuka.

Zuhura alikuwa mlangoni. Aliingia. Kwenye meza kulikuwa na kikombe cha chai, akachukua kijiko chake, akakifuta kwa kanga, akakigeuza, ameshika kichwa cha kijiko, mpini uko mbele.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Mzee alishtuka. Akageuza uso huku na huku. "Nani huyo?"

"Mzigo wa saa kumi."

Nilidhani atatukana. Alifungua mdomo, taratibu, meno hana, akainua ulimi kama mtoto. Zuhura alipitisha mpini shavu la kulia, akapitisha la kushoto, akakitoa kidonge. Hakukitupa. Alikirudisha ulimini, akamshikia maji, akamnywesha, akamfungua mdomo tena. Halafu akapapasa chini ya mto, akakuta fundo la leso, akamkabidhi Rehema akamwage. Mzee alinyoosha mkono hewani kulifuata. "Niachie vitatu," akasema. "Binti yangu. Viwili." Sauti ile ile ya mwanangu alipokuwa amenipigia magoti.

Zuhura akavuta kigoda, akaketi.

"Twende, mwanangu," nikasema, "jua linakwenda."

"Kivuli bado, Mama."

Mle ndani hamkuwa na kivuli cha kitu chochote. Alikaa hivyo, mikono magotini, mpaka alipojua kidonge kimeyeyuka. Ndipo akainama kwenye sikio la mzee, akaongea chini kwa chini, lakini mie nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda nikasikia.

"Bi Mtumwa ulimpa vingapi?"

Mdomo wa Dresa ulicheza.

"Vingapi?"

"Sikuhesabu," akasema.

"Haya. Lala."

Kesho yake, saa tisa na nusu, nilimsikia Zuhura anavuta viatu vyake chini ya kiti. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Vingunguti."

"Kumfanya nini mzee wa watu?"

Alikuwa amechukua kijiko kutoka kabatini mwangu, anakitia kwenye mkoba.

"Kumuuliza tena," akasema.